Fisi Aliyeomba Aitwe Mpumbavu

Mwaka ule wa ukame, mito yote ya mbuga ilibaki mchanga mtupu, na maji yakapatikana mahali pamoja tu: chemchemi ndogo nyuma ya pango la Fisi. Wanyama walifika na vibuyu vyao, wakamwamkia Fisi kwa adabu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Fisi alijua fika kwamba salamu zile zilikuwa za maji, si zake. Alizipokea hivyo hivyo.

Sungura hakupenda foleni. Adhuhuri moja, Fisi akiwa hajatia kitu tumboni tangu juzi, Sungura alikuja na paja la nyati, akawasha moto mlangoni mwa pango, akalibanika taratibu huku mafuta yakidondoka.

"Bwana Fisi," akasema, "nina pendekezo. Mimi nikupe paja hili, nawe unipe chemchemi iwe yangu na ya wajukuu zangu, milele."

"Nimekubali."

"Hata hujauliza..."

"Nimekubali, bwana! Lete!"

Desturi ya mbuga ilikuwa kufunga mkataba kwa kukanyaga udongo mbichi mbele ya shahidi, kisha nyayo zile kuanikwa juani zikauke. Shahidi alikuwa Nungunungu. Fisi alikanyaga kwa pupa hata akamkanyaga na shahidi mwenyewe, akaenda kula na miiba miguuni asiisikie.

Jioni mkewe alirudi kutoka mawindoni, akakuta chemchemi imezungushiwa ua wa miiba na watoto wanalia kiu.

"Baba Chausiku, umeuza maji ya wanao?"

"Si mimi, Mama Chausiku. Ni tumbo. Mimi nilikuwapo tu."

Mkewe hakucheka. Fisi akatazama ndimi kavu za wanawe, akaona aibu. Asubuhi akaenda kushtaki kwa Simba.

Simba, ambaye hakuketi barazani bila kwanza kuchanua manyoya ya shingo, alinguruma, "Mkataba una nguzo zake. Pendekezo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo, Mfalme," akajibu Nungunungu.

"Likakubaliwa?"

"Mara mbili."

"Kila upande ulitoa kitu?"

"Paja limo tumboni mwake," akasema Sungura, "na chemchemi imo mikononi mwangu."

"Fisi, ulilazimishwa? Ulidanganywa?"

"Hapana, Mfalme. Tena nyama ilikuwa tamu."

"Basi imebaki nguzo moja. Anayekubali awe na akili timamu. Kama hana, na mwenzake akajua hana, kisha akamvizia, mkataba ni batili. Wewe ulikuwa na akili timamu?"

Fisi akainamisha kichwa. Tangu utoto alikuwa akiitwa mpumbavu, na tangu utoto alikuwa akikana. Akawakumbuka wanawe.

"Mfalme," akasema, "mimi nikinusa nyama, akili huniaga ikaenda zake. Naomba baraza liniite mpumbavu. Na mashahidi ninao."

Mashahidi? Baraza zima lilinyanyuka! Swala alieleza jinsi Fisi alivyomfuata kobe kutwa nzima akidhani ni chungu cha nyama kinachotembea.

"Si kutwa," Fisi akamsahihisha. "Ni siku mbili. Siku ya pili nilikuja na chumvi."

Sungura akaona mambo yanamwendea mrama. "Uongo!" akapaza sauti. "Fisi ni mwenye hekima! Mbuga nzima haina kichwa kama chake!"

Baraza likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Fisi mwenyewe. Simba peke yake hakucheka. Hakuwahi kupenda mwingine asifiwe hekima mbele yake.

"Kama Fisi ana hekima hiyo," akasema kwa dharau, "basi maji alikupa kwa kukuhurumia. Wanaokuita mjanja wanakosea. Wewe una bahati tu."

Masikio ya Sungura yakasimama. Kuitwa mwizi angevumilia. Kuitwa mwenye bahati, hapana.

"Bahati? Mimi? Nilimngoja mpaka ashinde na njaa! Nilikaa upande upepo unakotoka, moshi umwingie puani! Nilijua fika kuwa akinusa mafuta hawezi kuhesabu hata miguu yake!"

Nungunungu akakohoa. Sungura akajiziba mdomo, lakini maneno yalikwishatoka.

"Mkataba ni batili," akasema Simba. "Sungura, ng'oa ua wako kwa mikono yako, na kuanzia leo utachota wa mwisho. Na kila mmoja amrudishie mwenzake alichopokea."

Fisi akalitazama tumbo lake. "Mfalme, lile paja..."

"Utawinda jingine, umpelekee."

"Awinde yeye," akasema Mama Chausiku. "Kulipeleka, nitalipeleka mimi."

Fisi akarudi nyumbani na wanawe, wakanywa mpaka wakashiba, na Sungura akawa anawatazama kutoka mwisho wa foleni. Mdomo huponza kichwa.