Pikipiki Iliyokojoa Sebuleni

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, pikipiki zilipokwisha kuwa nyingi kuliko mbuzi, aliishi mwanamke mmoja mjini Muheza, jina lake Mwantumu. Mwantumu alikuwa mpishi wa vitumbua. Mumewe, Mbwana, alikuwa dereva wa bodaboda. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili: chumba cha kulala wao, na sebule ya kulala pikipiki.

Msishangae. Siku zile, pikipiki iliyolala nje iliamka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila jioni Mbwana aliiingiza ndani, akaipitisha kati ya kabati la vyombo na gunia la mchele, akaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, akalipapasa tangi na kusema, "Lala salama, mama." Mwantumu alikuwa hakumbuki yeye mwenyewe aliambiwa hivyo lini.

Basi asubuhi moja Mwantumu alitoka chumbani kwenda kuukoroga unga wake uliochachuka, akakanyaga majimaji. Akainama, akagusa, akanusa. Petroli! Ilikuwa imetoka kwenye kabureta, tone baada ya tone, ikafanya dimbwi kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye ndoo ya unga.

"Baba Hidaya, amka!" aliita. "Mwanao kajikojolea!"

Mbwana akatoka na msuli wake, akatazama, akaiwasha pikipiki. Ikanguruma vizuri, hakuna hata tone. Akaizima. Wakasubiri. Hakuna kitu. Jioni akailaza. Asubuhi, sakafu imelowa.

Ndivyo ilivyokuwa. Ikinguruma, kavu. Ikizimwa ikalala, imelowa.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kufagia na kuendelea. Kwa Mwantumu lilikuwa riziki. Unga wa vitumbua ni kama mtoto mchanga, hushika kila harufu inayopita. Bwana Kihamba mshona viatu, aliyekuwa akila vitumbua vyake tangu hajaota mvi, alikiinua kimoja, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia taratibu.

"Mama Hidaya," alisema, "nakupenda kama binti yangu. Lakini nikila hiki halafu nikapita karibu na mvuta sigara, Muheza itaungua."

Watu wakacheka. Na aliyecheka hakununua. Mwantumu akalihamishia jiko lake uani, mbali kabisa na mlango, kwa sababu aliogopa cheche moja tu ingetosha. Na mvua zilipokuja, akawa anapika huku ameshika mwavuli. Watoto wa mtaa nao wakaja dirishani na makopo, wakayapiga na kuizomea pikipiki, kama anavyozomewa kikojozi asubuhi mkeka wake ukianikwa. Mbwana akaumia moyo. "Waambie waache," alimwambia mkewe. "Inasikia."

Mbwana akaipeleka kwa Fundi Chambuso. Fundi akafunga koki ya mafuta kwa mkono wake, kama alivyofanya kwa kila pikipiki iliyoingia kwake, akaisimamisha wima juu ya stendi kubwa, akakaa akaitazama mpaka jua likazama. Hakuna kitu.

"Ni nzima hii," alisema fundi.

"Nyumbani inavuja, fundi."

"Nyumbani unafunga koki?"

"Kila siku!" alijibu Mbwana, akapiga kifua.

Akairudisha. Asubuhi, sakafu imelowa. Akaipeleka tena. Kwa fundi kavu, nyumbani imelowa.

"Ina adabu ugenini," alisema Mwantumu. "Kama mwenyewe."

Mwishowe Mwantumu alichoka. Alhamisi moja asubuhi alirudi na sinia limejaa vile vile lilivyotoka, akasimama barazani, majirani wote wakisikia, akainua upawa wake juu na kusema: "Shuhudieni! Naweka nadhiri. Atakayeikausha sakafu yangu, namchinjia jogoo wangu mwekundu siku hiyo hiyo. Na firigisi ataila yeye!"

Baraza zima likageuka kumtazama Mbwana. Mnajua wenyewe: kuku ana mapaja mawili, ana mabawa mawili, lakini ana firigisi moja. Na katika nyumba ile, tangu walipooana, firigisi ilikuwa ya Mbwana. Haikukatwa, haikugawanywa, aliila yeye, na wengine wakatazama sahani zao. Mbwana alimeza mate. Lakini nadhiri ikishatoka mdomoni hairudi. Na Mwantumu alilelewa akijua kwamba nadhiri ikilipwa kwa asiyestahili, shari iliyoondoka hurudi na ndugu zake.

Ikafika Ijumaa. Asubuhi Mbwana aliipeleka pikipiki kwa Fundi Chambuso mara nyingine. Safari hii fundi hakukaa kuitazama. Nadhiri alikuwa ameisikia. Aliifungua kabureta yote, akaipanga vipande vipande juu ya gazeti, akamwita Mbwana.

"Tazama. Hili ni bakuli, petroli hukaa humu. Hili ni boya. Petroli ikijaa, boya hupanda, nalo huisukuma sindano hii izibe njia. Sasa tazama ncha ya sindano. Imelika. Ina mfereji mwembamba kuizunguka, kama shingo ya mtu aliyevaa mkufu maisha yake yote. Sindano hii haizibi. Inajifanya inaziba."

Akatia sindano mpya, akapuliza vumbi, akafunga. Mbwana akarudi nayo kabla ya swala, akaiegemeza mahali pake, akageuza koki kama kawaida yake, akakimbia msikitini.

Siku hiyo pia alikuwa amefika mama yake Mwantumu, Bi Mashavu, kutoka Mkanyageni. Bi Mashavu alikuwa mkamua mafuta ya nazi, na katika ujana wake alicheza ngoma mpaka ngoma zikachoka. Alisimama sebuleni, akaitazama pikipiki, kisha akainamisha kichwa chake upande ili aitazame vizuri.

"Mwanangu," alisema, "chungu cha tui ukikiinamisha hufanya nini?"

"Humwaga, mama."

"Na hiki chombo chenu mbona kimeinama kama mlevi anayetafuta ukuta?"

"Ndivyo stendi yake ilivyo, mama. Na sakafu yenyewe imeteremka upande ule."

Bi Mashavu alikichukua kibao cha kusukumia chapati, akakiweka sakafuni, akaisukuma pikipiki kwa nyonga, pwaa! Stendi ikanyanyuka, naye akakisukuma kibao chini yake kwa kidole cha mguu. Pikipiki ikakaa karibu wima. "Nyonga hii," alisema, "haijazeeka." Kisha mama na binti wakaenda uani kuosha mchele, na mlango wa mbele wakauacha wazi ili harufu itoke. Mbwana aliporudi hakuitoa tena pikipiki siku hiyo.

Jumamosi alfajiri Mwantumu alitoka chumbani akitembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayevuka tope. Akakanyaga. Pakavu. Akapiga magoti, akanusa. Akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya kabureta. Kikatoka na vumbi. Hajawahi mwanamke kulifurahia vumbi kiasi kile.

Vitumbua vya asubuhi hiyo viliisha kabla sinia halijapoa. Bwana Kihamba alikula bila kunusa, akalamba vidole. Mwantumu akarudi mbio, akamkamata jogoo mwekundu, akaagiza waitwe watu. Mbwana akasema pikipiki haiendi popote siku hiyo, nayo inapumzika.

Adhuhuri mkeka ukatandikwa. Akaja Fundi Chambuso, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akakaa Bi Mashavu, amejifunga kanga mpya. Akaja na jirani yao Shomvi, dereva mwenzake Mbwana, mtu aliyesikia harufu ya mchuzi hata upepo ukivuma kwingine. Sinia la wali likashuka, bakuli la kuku likashuka. Mwantumu akaitafuta firigisi kwa upawa, akaiinua juu, mchuzi unachuruzika.

"Karibu, mwenye nayo," alisema. Naye alikuwa ameshauelekeza upawa kwa fundi.

"Ahsante, Mama Hidaya," alisema Fundi Chambuso na kusogeza sahani. "Sindano ilikuwa imelika. Nimetia mpya. Kazi yangu."

"Subiri kwanza," alisema Bi Mashavu. "Sindano ulitia wewe, chombo nimekisimamisha mimi. Kikiinama, petroli hupanda upande mmoja ikafurika, hata utie sindano ya dhahabu."

"Bibi, na heshima zako zote, kibao cha chapati hakitengenezi kabureta!"

"Na kwako ilikuwa haivuji kabla ya sindano mpya. Kwa nini? Kwa sababu kwako inasimama wima. Umeitazama siku nzima, macho yote mawili, hukuona. Mimi nimeiona nikiwa bado sijavua viatu."

Upawa ukahamia kwa Bi Mashavu. Hapo Mbwana, ambaye macho yake yalikuwa yanaifuata firigisi huku na huko, hakuweza kuvumilia.

"Mnanisahau mimi? Ninayefunga koki kila siku ni nani? Koki ikifungwa, petroli itashukaje kutoka tangini? Mimi ninayei..."

"Hufungi!" alipiga kelele Shomvi. "Wewe hujawahi kuifunga! Juzi niliikuta wazi, nikaifunga mimi!"

Kijiko cha mtu kilianguka.

"Uliifunga lini, shemeji?" aliuliza Mwantumu polepole.

"Ijumaa."

"Jana?"

"Jana... ndiyo. Juzi, jana, tarehe zinanichanganya."

"Saa ngapi?"

Shomvi akaitazama firigisi. Akalitazama jina lake zuri mtaani. Akaitazama tena firigisi. Akachagua.

"Wakati wa swala."

"Ala!" alisema Mbwana. "Kumbe hukwenda msikitini!"

"Mume wangu," alisema Mwantumu, "mwenzako aliingia ndani kwako, na wewe unauliza swala?"

Basi Shomvi akamwaga yote. Alikuta mlango wazi. Alikuwa na chupa ya maji, tupu. Alichomoa mpira wa mafuta pale kwenye kabureta, na petroli ikaja yenyewe. "Koki sikuigusa!" aliapa. "Ilikuja yenyewe! Chupa ilipojaa ndipo nikaifunga, nikarudisha mpira wa watu mahali pake vizuri kabisa. Mimi si mharibifu."

"Koki mimi nilifunga!" alisema Mbwana. "Niligeuza kichwa chake kikatazama juu."

Fundi Chambuso akajishika paji la uso. "Juu? Mbwana, ndugu yangu, kikitazama juu hiyo ni akiba. Petroli inapita. Kufunga ni kukilaza pembeni."

"Pikipiki yangu ya zamani juu ilikuwa kufunga!"

"Hii si pikipiki yako ya zamani!"

"Mnaona?" Shomvi alisogeza sahani yake. "Akilaza pikipiki, anaifungulia akiba ikajikojolee. Aliyeziba mto kwenye chemchemi ni mimi. Mwizi ni mwizi, sikatai. Lakini je, nadhiri ilisema mwizi hayumo?"

Mwantumu akaikumbuka nadhiri yake neno kwa neno. Haikusema.

"Kama koki ilikuwa wazi," alidakia fundi, "na tangu Mbwana alipoileta mpaka wewe ulipokuja na chupa yako sakafu ilikuwa kavu, basi iliyozuia ni sindano yangu!"

"Ilikuwa juu ya kibao changu!" alisema Bi Mashavu.

"Ule ni muda mfupi," alisema Shomvi. "Dimbwi hutaka usiku mzima."

"Na petroli iliyopungua tangini, je?" alisema Mbwana. "Labda haikuvuja kwa sababu imebaki kidogo. Na ni petroli ya nani iliyoibiwa? Yangu! Kwa hiyo aliyetoa sadaka hapa ni mimi!"

"Tufanye jaribio," alisema fundi. "Turudishe sindano ya zamani, kibao kibaki, koki ibaki, tulale, tuamke."

"Toeni kibao, sindano ibaki," alisema Bi Mashavu.

"Fungueni koki, muone," alisema Shomvi.

"Hakuna atakayeona kitu!" alisema Mwantumu, upawa ukatikisika na firigisi ikaruka kidogo. "Sindano itakaa, kibao kitakaa, na koki, Baba Hidaya, utailaza pembeni mpaka kiyama. Sebule yangu si karakana. Sitaki tena petroli kwenye unga wangu ili ninyi mjue nani ana akili."

Lakini hakuna aliyerudisha sahani.

Mwantumu akatazama. Hapa fundi, aliyekuta ugonjwa ndani ya kabureta, ila akaukuta baada ya kusema mwenyewe kwamba ni nzima. Hapa mama yake, aliyeona kwa jicho moja, lakini hakuna mwenye hakika kama kibao peke yake kingetosha. Hapa mwizi, aliyefanya jambo jema kwa mkono uliokuwa unaiba. Na hapa mumewe, mwenye kosa na mwenye nyumba, aliyeila firigisi hii tangu siku ya harusi, na sasa alikuwa akimtazama kwa macho yaliyokuwa ya kuitazamia pikipiki tu.

Akimpa asiyestahili, kesho sakafu imelowa, na sinia linarudi limejaa. Asipompa mtu, nadhiri haijalipwa, na ni yale yale. Akiikata, si firigisi tena, ni vipande vya nyama.

Mchuzi ukadondoka kwenye mkeka. Wali ukaanza kupoa. Sahani nne zilikuwa zimenyooshwa, na upawa ni mmoja.

Haya, ninyi mliokaa hapa na kucheka. Ungekuwa wewe umeushika upawa ule, firigisi ungeiweka kwenye sahani ya nani?