Uchungu wa Mtama wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, na usinibinulie mdomo! Eti wanyama hawalimi? Umeshiba, ndiyo maana una nafasi ya kubisha. Nyamaza usikie.

Tembo, mkubwa wa nchi, alipiga baragumu. Puuuu! "Vishamba vyenu vya kuparura basi! Sasa ni shamba moja, mahindi matupu, ghala moja. Njaa kwisha! Mbegu zenu za kizamani zileteni zisagwe, tuwapikie vibarua uji."

"Vibarua ndio sisi?" akauliza Bi Kindi.

"Kimya, wewe kidole!"

Bi Kindi alikuwa mjane mwenye watoto. Mali yake ilikuwa kapu la mbegu za mtama, darini juu ya jiko. Alizichanganya na majivu na majani ya mwarobaini, zikakaa kwenye moshi, wadudu dumuzi wasiziguse. Kapu likienda, wanawe watapanda nini?

Ko! Ko! Ko! Ngiri huyo, nyapara wa Tembo. "Mbegu, bibi!"

"Hizi hapa, baba. Ila onja kwanza, usije ukatulisha sumu."

Ngiri akabugia. "Ptuu! Shubiri!"

"Zimeoza, mwanangu. Ndio umaskini huo."

"Katupe huko!" Akaenda zake akitema mate njia nzima.

Bi Kindi akazipanda nyuma ya kichuguu, mahali Tembo hapiti.

Mvua ilinyesha kidogo, ikakata. Mahindi yakakauka wima, nchi nzima. Mtama ukazaa. Kwa jirani yake Digidigi, aliyetoa mbegu zake zote kwa utiifu, walizika mtoto.

Tembo akaita mkutano ndani ya ghala tupu.

"Bi Kindi, ulituficha! Lete mtama tule, tupate nguvu ya kupanga mradi wa pili."

"Nilifichaje? Nyapara wako nilimtilia mdomoni! Mkulima angeujua uchungu wa mwarobaini. Ninyi wasimamizi wa kilimo mnajua kutema tu."

Tembo akapepea masikio. "Sasa sisi tule nini?"

"Kuleni mradi."

Bi Kindi akamshika Digidigi mkono. "Twende, shoga yangu, nikupe mbegu. Kwa mtoto, sina la kukupa."

Mlangoni akageuka. "Anayekula mbegu, msimu ujao hula maneno."

Akatoka, akaufunga mlango. Paa!