Mlizamu wa Maalim Khuzaima

Imepokewa kutoka kwa waliosomesha zamani katika miji ya mawe ya pwani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mtu mwema akiitwa Maalim Khuzaima. Jumatatu na Alhamisi alifunga, kila alasiri alisomesha barazani kwake, na hakuna aliyemkumbuka akimpandishia mtu sauti. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa. Ubavuni mwake, ukuta kwa ukuta, palikuwa na nyumba ya chini ya mjane aliyeitwa Mwana Somoe, ambaye riziki yake ilikuwa kushona kofia.

Mwaka mmoja masika yaliingia na upepo ambao watu wazima wa mji walisema hawakupata kuuona. Mvua ilinyesha siku tatu. Mapaa ya nyumba zile yalikuwa bapa: boriti za mkoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa ikashikamana. Paa la namna hiyo ni zito, na likinywa maji huwa zito zaidi. Ilipofika alasiri ya siku ya tatu, mapaa kumi na moja yalikuwa yameshuka.

La Mwana Somoe lilikuwa mojawapo. Lilimkuta akivuka kizingiti kwenda jikoni, likamvunja mkono wa kulia, ambao ndio mkono wa kushonea. Ndugu zake walimtoa kwenye vifusi wakampeleka nyumbani kwa binti wa kaka yake, mtaa wa pili.

Paa la Maalim Khuzaima halikudondosha hata tone.

Mvua ilipokatika watu walitoka kutazama. Walisimama kwenye kichochoro wakaziangalia nyumba mbili zilizogusana, moja imesimama na nyingine imekuwa shimo. Mtu mmoja akasema hiyo ni karama. Neno likashika. Siku ile ile wakaanza kuja watu kumwomba Maalim awaombee dua, na wengine walipokuwa wakitoka waliupapasa ukuta wake kwa kiganja kisha wakajipaka usoni. Maalim aliwakataza, lakini aliwakataza kwa upole, na moyoni mwake palikuwa na kitu kilichofurahi.

Tena maneno hayakuishia hapo. Wakaanza kuulizana: kama nyumba hii imesalimika kwa wema wa mwenyewe, ile imeanguka kwa nini? Kila mtu akakumbuka alilolikumbuka. Mmoja alisema yule mama hakuwa akitoka sana kwenye mazishi. Mwingine alisema marehemu mumewe hakuipata ile nyumba kwa njia safi. Hapakuwa na ushahidi wa lolote, ila lilisemwa, na waliokuwa wamempa Mwana Somoe vitambaa vya kushona walikuja kuvichukua, wala hawakusema watavirudisha mkono ukipona.

Katika mji huo alikuwako fundi wa mapaa akiitwa Mbwarahaji, mtu mkavu wa maneno. Wiki zile hakupumzika. Kila alipopita alishikwa kanzu. Mmoja alimuuliza, "Fundi, paa langu limepasuka, nilibomoe lote au nizibe?" Fundi alipanda, akagongagonga kwa fimbo akisikiliza, akasema, "Ziba. Boriti zako nzima." Mwingine alimwonyesha doa katikati ya chumba, akasema panavuja pale. Fundi akamwambia, "Hapa ndipo maji yanapotokea. Yanapoingilia ni kule pembeni, yanatembea na boriti. Ukipaziba hapa utakuwa umejisumbua." Na waliotaka kupaka chokaa upesi kabla mvua haijarudi, aliwaambia wangoje jua likaushe mawe, kwani chokaa juu ya unyevu hubanduka. Hakumwambia mtu abomoe paa ambalo lingeweza kutengenezwa, wala hakumfariji mtu ambaye paa lake lilikuwa limekwisha.

Maalim Khuzaima naye akamwita. Alimwambia, "Fundi, watu wananihimiza niitunze nyumba hii. Panda ulitazame paa, kama kuna la kufanya unieleze."

Fundi Mbwarahaji akavua viatu, akapanda, na Maalim akamfuata. Alitembea paa zima polepole, akagonga pembe zote nne, akachutama akapitisha mkono juu ya chokaa.

"Zima," alisema. "Paa hili utakufa uliache."

"Alhamdulillahi," alisema Maalim.

Fundi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa upande wa jirani, karibu na kichochoro, mbele ya mlizamu, ule mfereji wa mbao unaotoa maji ya mvua paani. Akauliza, "Huu ulikuwa ukitazama njia kuu. Nani aliugeuza?"

"Mimi ndiye niliyeagiza ugeuzwe. Yapata miaka tisa sasa. Maji yalikuwa yakiwarukia watu wanaokwenda msikitini, wakifika nguo zimelowa. Nikaona niwaondolee taabu."

Fundi akamwashiria asogee. Chini yao palikuwa na ukuta wa Mwana Somoe, na juu ya ukuta vilionekana vichwa vya boriti zilizokatika. Vile vya upande wa mbali vilikuwa vyekundu, mti mzima uliovunjwa na uzito. Vile vya upande wao, chini ya mlizamu, vilikuwa vyeusi na laini kama udongo wa mtoni.

"Maji ya paa lako kubwa, miaka tisa, yameingia kwenye pembe moja ya paa lake dogo," alisema fundi. "Ndiyo maana lako ni kavu. Upepo umekuja kumalizia tu. Kama usingekuja mwaka huu, lingeanguka mwakani bila upepo."

Maalim akauliza, "Mbona hukuwaambia watu?"

"Sikuulizwa. Naulizwa kuhusu kuziba na kubomoa. Wewe umeniuliza kuhusu paa lako, nimekujibu."

Alipokwisha kushuka fundi, Maalim alibaki juu. Alikumbuka kwamba mwaka wa nne au wa tano tangu mlizamu ugeuzwe, Mwana Somoe alimjia barazani, amejitanda buibui, akamwambia ukuta wake umeingia unyevu na hajui unatoka wapi. Naye hakwenda kutazama. Palikuwa na wanafunzi wamemzunguka, akamjibu mbele yao kwamba dunia ni nyumba ya mitihani, asubiri na akithirishe istighfari, aombe msamaha wa dhambi zake. Wanafunzi walilipenda jibu lile. Yule mama alishukuru akaenda zake, na hakurudi tena.

Alimweleza mkewe, Mwana Rahema. Mkewe alikuwa mwanamke wa busara aliyempenda, akamwambia, "Ugeuze mlizamu kimya kimya, kisha mjengee yule mama nyumba yake. Haki itakuwa imefika. Kuna faida gani watu wakipoteza imani na mwalimu wao?"

Maneno yale yalikuwa matamu, na Maalim aliyashika siku mbili. Siku ya tatu, baada ya darsa, mzee mmoja alimsogelea akamwuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, huyu jirani yako, kuna jambo ulikuwa ukilijua juu yake?" Maalim akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Mungu ndiye ajuaye." Yule mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa, akaondoka.

Wasemao wamesema kwamba Maalim Khuzaima hakuwahi kulia kwa kuogopa moto kama alivyolia alasiri ile. Alimwambia mkewe, "Nikimjengea nyumba kimya kimya, watu watasema tazama ukarimu wake. Nitakuwa nimeibomoa mara moja na nimesifiwa mara mbili. Na yeye atakaa ndani ya nyumba mpya akiwa bado mtu mbaya." Mwana Rahema hakubishana naye tena.

Ijumaa, baada ya swala, alisimama kabla watu hawajatawanyika akaeleza yote: mlizamu, boriti, na jibu alilompa Mwana Somoe mbele ya wanafunzi. Hakuacha kitu. Alimaliza kwa kusema, "Nyumba yangu haikuwa na karama. Ilikuwa na njia ya kumwaga maji yake kwa mwingine."

 Kisha mtu mmoja akasema, machozi yakimtoka, "Tazameni tawadhui ya mtu huyu. Anajidhalilisha ili kumsitiri jirani yake." Msikiti ukaitikia. Walimzunguka wakitaka kumbusu mkono, na kadiri alivyosema kwamba amesema kweli, ndivyo walivyozidi kumtukuza. Hapo Maalim aliona jinsi sifa inavyoweza kumfunga mtu hata pale anapotaka kuitoka.

Akamtafuta Fundi Mbwarahaji kwa macho, akamwona karibu na mlango akivaa viatu. Akamwambia mbele ya watu, "Fundi, nisaidie. Watu kumi wapandishe maji paani kwangu, na waliobaki wasimame kichochoroni."

Wakaenda. Mtungi baada ya mtungi ulipandishwa ukamwagwa juu ya paa. Maji yalikusanyika, yakatafuta mteremko, yakaingia kwenye mlizamu, yakaruka. Walioko chini waliyaona yakitua mahali pamoja, kwenye pembe ya ukuta wa Mwana Somoe, juu ya zile boriti nyeusi. Fundi akachomoa kipande cha boriti akakiminya mbele yao. Kilipondeka mkononi.

"Mnataka mtungi mwingine?" aliuliza fundi.

 Yule mzee aliyeuliza juu ya jirani alitazama chini. Watu walitawanyika mmoja mmoja, na wachache walimuaga Maalim walipokuwa wakipita. Alasiri ya siku ya pili barazani kwake walikuja wanafunzi wanne, ambapo kawaida walikuwa thelathini. Aliwasomesha wale wanne.

Kisha akaenda mtaa wa pili, kwenye nyumba alikokuwa Mwana Somoe. Alisimama nje ya pazia, akatoa salamu, akasema, "Mwana Somoe, nimekuja kukiri kwako. Nyumba yako niliibomoa mimi, na ulipokuja kunieleza nikakuambia usubiri. Nakuomba radhi."

 Sauti ikatoka ndani. "Nimesikia uliyosema msikitini, Maalim, na nimesikia maji yalivyomwagwa. Mungu akulipe kwa hilo, kwani tangu jana watu wanaletwa na aibu zao hapa mlangoni. Ukuta nimekusamehe. Hukujua."

"Na lile jingine?"

"Nilikuja kwako na unyevu, ukanipa mawaidha. Miaka yote nimekaa nikidhani ukuta wangu unalowa kwa dhambi zangu. Nimekesha kwa ajili ya ukuta, Maalim. Hilo siwezi kukudanganya kwamba limekwisha."

Alimjibu, "Usinidanganye," akaaga.

Akamwita fundi kuitazama nyumba ile. Fundi alisema hapana cha kuziba, paa lijengwe upya lote na ule ukuta ushushwe nusu. Lakini baada ya dhoruba boriti zilikuwa zimeadimika mji mzima. Kila aliyeagiza aliambiwa angoje miezi. Maalim akamwuliza, "Boriti za chumba changu cha juu, zinatosha urefu?" Hicho kilikuwa chumba alichokuwa akisomea na kuswalia peke yake, chumba alichokipenda kuliko vyote. Fundi akapima. "Zinatosha. Lakini chumba hutakuwa nacho tena."

Kikabomolewa. Boriti kumi na saba zilishushwa, zikapanguswa, zikalazwa juu ya nyumba ya Mwana Somoe. Mlizamu uligeuzwa utazame njia kuu, ukarefushwa hadi chini ili maji yasimrukie mtu, jambo ambalo fundi alisema lingeweza kufanywa tangu mwanzo kwa kazi ya asubuhi moja. Maalim mwenyewe alibeba chokaa kichwani, naye ni mtu wa miaka sitini. Baadhi ya watu walikuja kusaidia. Wengine walipita wakamtazama. Hakuwasemesha hawa wala wale juu ya jambo hilo.

Paa lilipokauka Mwana Somoe alirudi. Mkono wake uliunga, ila haukunyooka vizuri, na kofia zake za mwaka ule zilikuwa chache. Alimwitikia Maalim salamu kama inavyompasa Mwislamu, wala hakuzidisha.

Miezi ikapita, vuli ikaingia. Mvua ya kwanza ilikuwa kubwa, ilishuka ghafla asubuhi. Maalim Khuzaima alitoka bila kujifunika, akaenda hadi mlango wa jirani, akabisha hodi. Mwana Somoe akafungua upande mmoja wa mlango.

"Kunavuja?" aliuliza Maalim.

"Hakuvuji." Akamtazama, kanzu imemgandama mwilini na maji yanamchuruzika ndevuni. Akafungua upande wa pili. "Ingia, Maalim. Unalowa."

Wanaosimulia kisa hiki wanasema kwamba alipokuwa mgonjwa, karibu na kufa kwake, wanafunzi walimwuliza ni tarajio gani alilonalo mbele ya Mola wake, yeye aliyefunga na kusomesha miaka arobaini. Hakutaja saumu wala darsa. Alisema, "Kuna mtu niliyemdhulumu, akanifungulia mlango."

Basi ndugu zangu, sisi pia tuna nyumba zilizosimama wakati za wenzetu zimeanguka. Kushukuru ni wajibu. Lakini kabla mtu hajasema amehifadhiwa kwa wema wake, na apande juu atazame maji yake yanakwenda wapi. Na akijiwa na mwenye shida, aende kwanza akautazame ukuta, mawaidha yafuate baadaye. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona haki za majirani zetu wakiwa wangali hai kutusamehe.