Mtungi wa Bi Mashavu

Fumbeni macho, wanangu, mwone kibanda cha mfinyanzi na mtungi mlangoni. Bi Mashavu aliufinyanga ujanani kwa dua, nao ukawa ukijaa mtama wenyewe kila mavuno, ili apate chakula mikono yake itakapochoka.

Mikono ikachoka. Akatafuta wa kumtunzia mtungi.

Akaja Kobe. "Ujira wangu kibaba kimoja kila mavuno, bibi."

"Mchoyo we, nenda."

Akaja Nungunungu. "Mimi vibaba viwili, na panya hasogei."

"Wewe ndiye panya mwenyewe."

Akaja kijana mtanashati mwenye kofia ya kufuma. "Shikamoo, mama. Nimdai mama yangu ujira?"

Bi Mashavu alitokwa na machozi ya furaha, akampa mtungi.

Mavuno yalipofika, akamfuata. "Mtama wangu uko wapi, mwanangu?"

Kijana akavua kofia. Kumbe ni zimwi; kisogoni mdomo wa pili ulikuwa ukitafuna kigae cha mwisho cha mtungi.

"Hukuniuliza nakula wapi, mama," mdomo wa mbele ukajibu kwa adabu.

Bi Mashavu anafinyanga tena kwa mikono ile ile iliyochoka. Kobe hupita, humsabahi, huenda zake.

Nawaomba, wanangu, mkumbuke hili moja: asiyetaja ujira wake, mwambieni kwanza avue kofia.