Mfarishi wa Zimwi

Sogeeni karibu, na atakayesinzia shauri lake.

Hapo kale zimwi lililokosa usingizi lilimtia guniani dada wa binti aitwaye Mize. "Nishonee mfarishi wa viraka nilalie," likanguruma. "Mkunjo ukinibana, namla huyu!"

Mize akashika mkasi wa bibi yake. Akakata kiraka, akakitumia kupimia cha pili, cha pili akapimia cha tatu, akaenda hivyo hivyo, na kila kimoja kikakizidi kilichotangulia kidogo. Mkasi ukaimba: "Mize, Mize, mama yao yuko wapi?"

"Kata, wewe! Sina wakati wa maswali."

Mfarishi ukatoka una nundu. Zimwi likajilaza, likakereka, likammeza mbuzi wa Mize mzimamzima. Wa pili nao ukatoka vivyo hivyo, likammeza ng'ombe. "Sasa kabaki dada!"

Mara ya tatu mkasi ukaimba: "Mize, Mize, mama yao yuko wapi?"

Mize akatulia, akakitazama kiraka cha kwanza. "Kumbe mama yao ndiye huyu hapa!" Vyote akavipima kwa hicho kimoja, nacho akakiweka kando.

Mfarishi ukatandazika kama maji mtungini. Zimwi likajilaza, likapiga mwayo mpana, ng'ombe akatoka, mbuzi akafuata, likaanza kukoroma.

Mize akafungua gunia. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka.

"Mdogo wangu, mbona kiraka hiki hukukishona?" dada akauliza.

"Hicho hakishonwi," Mize akasema, akikitia kifuani. "Hicho ndicho kilichokutoa guniani."

Yangu yameishia hapo. Anayetaka ndefu zaidi akaliamshe zimwi.