Koja Moja, Shingo Tatu

Haya, sogeeni, na anayetafuna ameze. Jambo hili limeninyima raha wiki nzima, leo nalitua kwenu.

Kule Pangani, nyumba moja, walikaa watu wazima watatu. Bibi Mwantumu, bingwa wa bao, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Ami Shekue, mwanawe, alikuwa mchuuzi wa mayai. Zuhura, mkwe wa Bibi kwa mwana mwingine, alipika vitumbua. Zuhura alikuwa na binti wa miaka saba, Hija, aliyehesabu mpaka mia bila kukohoa, na nyumba nzima ikitamba mtaani.

Loo! Siku mwalimu alipomwekea maharage saba, Hija alianza: moja, mbili, tatu… Maharage yakaisha, yeye huyoo, hakusimama mpaka mia.

"Huyu anaimba, hahesabu," mwalimu akasema. "Nampa mwezi. Asipoweza, atarudia darasa la kwanza."

Nyumbani hakukukalika tena.

Bibi alimketisha mbele ya bao. "Tamka moja, tia kete moja. Ukitamka bila kutia, nakula kete zako zote!" Akazila kweli, siku tatu mfululizo, bila huruma. Ya nne, mdomo na mkono wa Hija vikaanza kwenda pamoja.

Ami alimpa trei tupu. "Panga matano matano. Usihesabu, tazama tu." Mayai mawili yakapasuka, Ami akauma midomo, akamwongezea mengine. Hija akazoea kuona tano na mbili, akasema saba papo hapo.

Zuhura alimweka karibu na chuma cha vitumbua. Kila akiepua aliuliza, "Matundu mangapi yamebaki tupu?" Mtoto hakuelewa. Tupu nayo inahesabiwa? Akalia, na mama akalia naye, moshi ukisingiziwa. Mpaka asubuhi moja akajibu huku anacheka: "Matatu!"

Siku ya mtihani, watu wa nyumbani wakitazama, mwalimu alimwaga maharage. Hija akayaokota moja moja kama kete, akayapanga matano matano kama mayai.

"Kumi na tatu," akasema. Na akanyamaza! Nyumba nzima ikashusha pumzi.

"Fumba macho." Mwalimu akaondoa kadhaa. Hija akafumbua, akatazama mapengo.

"Umechukua manne, mwalimu."

Amepita! Lakini shule ile ina desturi yake. Mtoto aliyefaulu hupewa koja la asumini amvishe aliyemfundisha kuhesabu, mbele ya wazazi wote. Koja ni moja, na halikatwi.

"Bila kete zangu angekuwa bado anaimba," Bibi akasema, ameshanyoosha shingo.

"Na safu kampangisha nani?" Ami akamaka.

Zuhura alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena. "Swali la mwisho lilikuwa la mapengo," akasema taratibu.

Hija akawatazama. Hakuhitaji kunyoosha kidole. Koja moja, shingo tatu. Aliona mara moja, kama walivyomfundisha wote, kwamba mbili zitabaki tupu. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, lazima?"

"Lazima, mwanangu."

Msinikwepe macho, jamani. Mtoto amesimama pale, asumini zinapukutika mkononi. Koja hilo lingekuwa lako, ungelivisha shingo ya nani?