Aliyemfungia Mama Mlango

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye usingizi akalale kwao, maana hadithi hii nikishaianza sirudi nyuma. Na mwishoni nitawauliza swali. Atakayenijibu "sijui" atakuwa amekula hadithi yangu bure, na mimi nitamkumbuka.

Juu milimani palikuwa na mji unaoitwa Ukunguni. Kule ukungu haukuwa mgeni wa kupita. Ulishuka alfajiri ukakaa mpaka saa nne, ukaondoka kidogo ili watu waanike nguo, halafu alasiri ukarudi na kukaa tena. Watu walisalimiana kabla ya kuonana. Ukisikia "shikamoo" mbele yako, uliitikia "marahaba" kwanza, ndipo ukamtafuta aliyekusalimu. Kwa hiyo kule mtu aliweza kuishi bila kuonekana, lakini bila kuitikiwa salamu hakuweza.

Katika mji huo waliishi watu watatu wenye vipaji, na msichana mmoja ambaye hakuwa na kipaji chochote, alikuwa na baba tu. Msichana huyo ni Nakijwa, na baba yake ni fundi Senkondo, mshona makoti.

Wa kwanza katika wale watatu ni Zuhura, mtengeneza filamu. Yeye alikuwa na jicho. Akielekeza kamera kwenye kitu mlichokizoea, mnakiona kana kwamba kimeletwa jana. Aliwahi kupiga picha ndoo tupu kisimani, watu wakalia, na hakuna aliyejua analia nini.

Wa pili ni Elinihaki, mlinzi wa ghala la chai. Yeye alikuwa na neno. Miaka ishirini na sita alishika ufunguo wa ghala lile, na kesho yake haikuwahi kuwa kesho kutwa. Akikwambia mlango utakuwa wazi saa nane, huna haja ya saa.

Wa tatu ni Bi Kaanaeli, muuza maziwa. Huyu moyo wake ulikaa nje, kila mtu aliuona. Akicheka msibani, msiba mzima unacheka. Akinuna harusini, hata bwana harusi anaanza kujiuliza kama amefanya haraka.

Sasa basi. Zuhura alitaka kutengeneza filamu ya mtoto mbaya, akazunguka mji mzima akitafuta sura, akaishia kwenye cherehani ya Senkondo.

"Mimi?" Senkondo akashangaa. "Mwanangu, mimi kazi yangu mapindo."

"Fundi, uso wako unakubali kila kitu. Niazime siku tisa tu."

Nakijwa alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake mbaya! Baba huyu aliyemuuguza bibi kitandani miezi minane, akimlisha uji kwa kijiko, akimgeuza ubavu asipate vidonda, mpaka siku bibi alipofumba macho! Lakini Senkondo alipenda kujaribu mambo, akakubali.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi: kijana kapata mali, mama yake mzee kaja kumtembelea, mvua inanyesha, na kijana anamfungia mlango. Mama anabisha. Kijana anakaa ndani anakula wali. Mama anabisha. Kijana anaongeza mchuzi. Basi, ndiyo hiyo.

Ilioneshwa mchana ndani ya ghala la chai. Elinihaki aliziba madirisha kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na vumbi la chai likawa linaelea taratibu ndani ya ule mwanga wa projekta, likipanda na kushuka. Mlango ulipofungwa kwenye lile shuka, ghala zima liliacha kupumua. Ndipo Bi Kaanaeli aliposimama, akavua kandambili yake, akairusha. Ikampiga Senkondo wa ukutani mdomoni.

"Laana!" akapiga kelele. "Mwana laana wewe!"

Zikafuata nyingine, kushoto na kulia, mpaka shuka likaanguka. Na Senkondo mwenyewe, masikini, alikuwa amekaa nyuma kabisa anatabasamu. "Wameamini, Nakijwa," alimnong'oneza binti yake. "Unaona? Wameamini!"

Matokeo yake aliyaona kesho yake. Alitoka asubuhi na makoti begani, akasikia nyayo kwenye ukungu, akasema, "Shikamoo." Nyayo zikapita. Akadhani ni mtu asiyesikia vizuri. Akamsalimu wa pili, naye akapita, na wa tatu pia. Jioni wateja wakaja kuchukua makoti yao, mengine hayajapata mikono.

Tena neno likazaliwa, neno dogo tu, "kumbe." Kumbe ndiyo maana mama yake hatukumwona ile miezi minane! Kumbe alikuwa anafungiwa! Nakijwa alisimama sokoni akalia na kuapa kwamba bibi alikuwa mgonjwa, kwamba yeye mwenyewe alikuwa anafua shuka zake. Wakamtazama kwa huruma. Mtoto atasema nini juu ya baba yake?

Nisiifiche haki ya filamu ile. Kulikuwa na bikizee mmoja kule kijitoni, paa lake linavuja miaka. Wiki ileile wanawe wanne walikuja na mabati, wakagombana nani apige msumari wa kwanza. Njia za kwenda kwa akina mama zilijaa watu waliobeba sukari. Wengine wakasema filamu hii ni mwalimu, ioneshwe kila mwezi. Wengine wakasema imeleta laana mjini, ichomwe. Waligombana mpaka ndugu wakanuniana, ila juu ya Senkondo walikubaliana wote. Mwishowe wakubwa wa ghala wakatoa amri: filamu ya Zuhura isikanyage tena humo, na atakayeifungulia mlango akabidhi ufunguo siku hiyohiyo.

Senkondo akaacha kushona. Halafu akaacha kula. Asubuhi moja Nakijwa aliamka akakuta ukungu umejaa sebuleni, umekalia viti, umefunika cherehani. Baba yake alikuwa ameng'oa milango yote ya nyumba na kuilaza uani. Alikuwa amejikunyata kizingitini, analinda uwazi.

"Baba, baridi hii!"

"Akirudi asikute pamefungwa," Senkondo akajibu. Kisha akamtazama kwa macho ya mtu anayeota. "Nakijwa, hebu niambie kweli. Usiku ule wa mvua, aliyefunga mlango nilikuwa mimi?"

"Hakukuwa na usiku huo, baba. Bibi alifia kitandani mwake, mkono wake ukiwa mkononi mwako!"

"Mji mzima umeniona," akasema. "Wewe mmoja ndiye hukuniona."

Hapo Nakijwa akaogopa kweli. Baba yake alikuwa anaondoka akiwa amekaa palepale, na nafasi yake ilikuwa inakaliwa na yule wa ukutani. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kitambaa kimoja cha sufu, bibi alikiacha, kinatosha koti moja tu. Na pale Ukunguni kulikuwa na desturi: mtu wa nje akivaa koti la kitambaa cha marehemu amekuwa mtu wa nyumba hiyo, na hakuna anayethubutu kumnyima salamu. Kitambaa kile kilikuwa chake Nakijwa, cha siku yake ya kuolewa. Akakikunja, akakiweka kwapani, akatoka.

Alikwenda kwa Zuhura. "Dada, ile siku ya mvua nilikuwepo. Ulipopaza sauti 'kata,' baba alifanya nini?"

Zuhura alijua. Aliposema "kata," Senkondo alifungua mlango mbio, akatoka mvuani, akamfunika yule mama mwigizaji kwa koti lake, akawa analia, "Nisamehe mama, hujaumia? Nisamehe." Kamera ilikuwa bado inarekodi. Kipande hicho Zuhura alikikata akakiweka kabatini.

"Nikikionesha," Zuhura akasema, "hakuna atakayeuogopa mlango ule tena. Watacheka. Filamu yangu itakuwa imekufa, na wale wenye sukari njiani watarudi makwao."

"Na baba yangu je?"

Zuhura akafungua kabati. "Nitakionesha."

"Basi kitambaa cha bibi ni chako," Nakijwa akasema kwa furaha.

Kisha akakimbilia kwa Elinihaki. "Baba mdogo, tunahitaji ghala."

"Unajua amri?"

"Najua."

Mzee akaugeuzageuza ufunguo kiganjani. Ulikuwa umemla ngozi ya kidole miaka yote hiyo. "Mimi ndiye niliyewafungulia wakaja wakamwona vibaya," akasema. "Jumamosi saa nane, mlango utakuwa wazi."

Na Nakijwa, kwa kushukuru, ulimi ukateleza. "Kitambaa cha bibi ni chako."

Najua, najua! Msinitazame mimi. Mtu anayezama hahesabu kamba alizoshika. Kwani mlidhani aliishia hapo? Alikwenda hata kwa Bi Kaanaeli, akapiga magoti kwenye tope. "Mama, wewe usipokuja hakuna atakayekuja. Njoo ukae tu. Ukija, kitambaa cha bibi ni chako." Bi Kaanaeli akafunika maziwa yake, akaingia ndani.

Jumamosi saa nane mlango ulikuwa wazi. Bi Kaanaeli alikuja, akakaa mbele, na mji wote ukaja nyuma yake. Magunia yakashushwa. Kipande kikaanza: mvua, mlango unafunguka, Senkondo anatoka mbio, koti, machozi, "Nisamehe mama." Kikaisha. Watu wakakaa, vumbi la chai likielea juu ya vichwa vyao, hakuna aliyejua pa kuyaweka macho.

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Na hayo nayo ni maigizo!"

Ikaitikiwa huku na huku. Ndiyo! Nani atatuhakikishia? Aliyetudanganya kwa mlango hawezi kutudanganya kwa koti? Nakijwa alikuwa amewaleta wote pale, na bado hakuna aliyeamini.

Bi Kaanaeli akasimama. Watu wakajiandaa kufanya atakalofanya.

"Mimi ndiye niliyefunga mlango," akasema.

Wakadhani hawakusikia vizuri.

"Mwaka ule wa njaa mama yangu alikuja kwangu kwenye mvua, mwavuli umevunjika. Nilimwambia dirishani kwamba mume wangu hataki wageni. Mume wangu hata hakuwepo nyumbani. Akageuka akaenda zake, na sikumwona tena akiwa hai. Siku ile hapa nilimpiga fundi kwa sababu sikuweza kujifikia mwenyewe. Mchukieni anayestahili."

Akatoka nje kwenye ukungu, nao wakamfuata kwa kusikiliza nyayo zake, mpaka nyumba isiyo na milango. Alimpita Senkondo miaka zaidi ya kumi, lakini aliinama mbele yake kizingitini akasema, "Shikamoo, fundi."

Senkondo akajaribu kuinuka. "Mama, wewe hunisalimu hivyo."

"Shikamoo, fundi. Wewe hukumfungia mtu."

"Marahaba," Senkondo akasema, na akalia kwa sauti. Nyuma ya Bi Kaanaeli salamu zikaanza kutoka kwenye ukungu moja baada ya nyingine, zisizo na nyuso, na Senkondo akaziitikia zote. Usiku huo alikula ugali na kuomba nyongeza. Kesho yake akatafuta bisibisi akarudisha milango mahali pake.

Ingekuwa vizuri niishie hapo, eh? Lakini Elinihaki aliukabidhi ufunguo jioni ileile, na wakubwa wakampa kijana wa mjini asiyejua hata saa. Sasa mzee anakaa ukutani kwake, mkono mtupu, watu wanampita kama gunia. Filamu ya Zuhura wanaicheka, wakiona mlango wowote unafungwa wanasema "kata, kata!" na wale wana wanne wa kijitoni hawajaonekana tena kwa mama yao. Zuhura akiinua kamera, watu wanageuza migongo, wanamwita mwongo. Na Bi Kaanaeli? Maziwa yake yanachachia kwenye ndoo. Akisema "hamjambo" kwenye ukungu, nyayo zinapita.

Wakaja wote watatu siku moja, kila mmoja kwa ahadi yake.

"Bila kipande changu hapakuwa na cha kuona," akasema Zuhura.

"Bila mlango wangu mngekionea wapi?" akauliza Elinihaki.

Bi Kaanaeli alisema tu, "Mwanangu, uliniahidi. Nami nina baridi."

Nakijwa akamgeukia baba yake. Fundi Senkondo alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano. "Kukigawa tatu hakitoi koti hata moja," akasema kwa upole. "Aliyeahidi ni wewe, mama. Mimi nasubiri kipimo. Niletee bega la mtu mmoja."

Haya. Nakijwa amesimama na kitambaa mikononi, watatu wako mlangoni, na kila mmoja wao ameshiriki kumuumiza baba yake kabla ya kumponya. Na msijidanganye kwamba hamumo humu. Nimewatazama ninyi mnaonisikiliza. Nilipotaja mwavuli uliovunjika, kuna waliomkunjia uso Bi Kaanaeli, mtu ambaye hawajapata kumwona, kwa jambo walilosikia kinywani mwangu tu. Na huenda nilidanganya.

Basi wewe hapo, usiangalie chini: bega la nani litapimwa?